Simu Iliyotangulia Kuunganishwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, hujulikana kama Fundi Spika. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa redio za magari. Makazi: chumba cha nyuma ya karakana yake.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, alikuja karakanani kwangu dada mmoja na gari dogo jeupe. Alisema tangu juzi bluetooth ya simu yake haikai kwenye redio ya gari, inakatika kila akisimama kwenye foleni. Nikamtania kwamba redio imepata mwingine. Hakucheka.

Punde, dada akiwa kwenye usukani ameinamia simu yake, akaingia kaka mmoja mwenye kofia, mpole, akasema atasubiri zamu yake. Nilimpa kiti nyuma ya turubai, akanishukuru.

Mimi nikitengeneza redio huijaribu kwa kujipigia mwenyewe. Nikabonyeza namba yangu kwenye redio ya gari. Simu yangu ikaita mfukoni, ila namba iliyotokea haikuwa ya dada. Nikamwonyesha.

"Hiyo ni ya mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimemkimbia. Hajui kama niko mji huu."

Redio hunasa simu iliyowahi kuunganishwa nayo, tena iliyo karibu tu, haivuki upana wa karakana yangu. Ndipo nikaelewa habari ya foleni: kila aliposimama, mumewe alikuwa nyuma yake.

Turubai likafunuliwa. Yule kaka alisimama na simu mkononi, anatabasamu.

"Fundi, mbona simu yangu inapiga yenyewe?"

Dada alipiga ukelele. Nikamwambia, "Washa, nenda!" nikaruka nje ya gari. Yule bwana alichukua spana yangu akavunja kioo cha dereva, vipande vikammwagikia dada mapajani, lakini aliondoa gari. Sikumzuia yule bwana. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya rundo la betri. Alirudisha spana mezani taratibu.

"Namba yako ninayo, fundi. Utaniambia aliko."

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko. Kwangu bado hakijafika. Nimesikia dada alifika hapa kituoni na mmempeleka mahali. Tafadhali afande, msinitajie ni wapi. Yule bwana akinibana nitasema, najijua.

Nimesomewa niliyoyaeleza, na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi: (dole gumba)

Afisa aliyeandika: Shahidi anajua kuandika, ila amekataa kuandika jina lake, akaweka dole gumba. Simu yake, iliyokuwa ikiita muda wote wa maelezo, imechukuliwa kama kielelezo. Ameomba kutokea mlango wa nyuma.