Kidari cha Kaka Yako

Kamunyonge, Musoma
Jumatatu

Wifi yangu Marieta,

Hapa kwetu tunacheka tu, sijui nyie huko Guta. Mihogo uliyotuma ilifika, watoto wameimaliza.

Sasa sikiliza ya kaka yako. Unamjua Lameck na kidari. Kila Jumamosi alikuwa analetaga kilo mbili, mpaka gazeti linalowa mafuta. Mwezi uliopita akaanza kuleta steki kavu. Nikajua tu kuna nyumba nyingine inakula kidari chetu.

Juzi nikamfuata buchani. Nikamkuta kwenye foleni, nikamuuliza mbele za watu huyo mwanamke anaitwa nani. Akatoa kadi ya kliniki mfukoni, akanipa. Ni presha, wifi. Amekatazwa mafuta, akaogopa kuniambia nisije nikakosa usingizi.

Halafu mzee mmoja nyuma yetu akamwambia muuza nyama, "Na yangu itoe mafuta. Hata mimi kadi ninayo." Aliyemfuata naye akasema hivyo hivyo. Tulicheka mpaka muuza nyama akaweka kisu chini.

Njiani nikamwambia Lameck kwamba na mimi kadi yangu ya presha nimeificha tangu Pasaka, chini ya kopo la chumvi, maana siku hizi siligusi.

Akasimama, akaniangalia. "Kumbe ndiyo maana mboga hazina chumvi," akasema. "Mimi nilidhani umenichoka."

Jumapili mje mle. Chumvi uje na yako.

Wifi yako,
Bhoke