Matone ya Babu

Ndugu yangu, huu ni wasia: kitanda changu bwenini nakurithisha.

Babu ana mawe kwenye figo, si unajua? Anatumia matone ya homeopathi, ile tiba mbadala ya vichupa. Jumatatu niliyamwaga, nikajaza chupa maji ya bomba. Utani tu!

Akayasifu! "Haya matone ni kiboko, hospitali siendi tena." Hospitali haendi tena, kwa maji ya bomba! Nilicheka hadi machozi.

Leo anatetemeka kwa homa. Tangu jana hajakojoa hata tone.

Nimekiri kwa Baba. Hata hakunichapa. Amechukua funguo za gari, akasema, "Vaa viatu. Daktari utamweleza wewe."

Tuko njiani. Babu ameniegemea, mwili unachoma kama pasi. Ananinong'oneza, "Asante kwa kunisindikiza, mume mwenzangu."

Yeye bado hajui.