Sinema ya Askari Wawili

Dada Devotha,

Shikamoo. Mimi mzima, bado nafyatua matofali hapa Kibaha, ila mgongo umechoka. Mahindi yenu yameota?

Jumapili nilikwenda kibanda cha video. Sinema ilikuwa ya kuchekesha, ya askari wawili wazembe. Mwizi aliwaponyoka, wakamkamata mpita njia na kumpiga mpaka akakiri. DJ anayetafsiri akampa yule mtu lafudhi yetu ya Kisukuma: "Afande, mimi natafuta ng'ombe wangu tu."

Kibanda kizima kilicheka. Mwinshehe, ninayefanya naye kazi, akanigonga bega: "Kaka, ndugu yako huyo."

Hakujua amesema kweli. Mdogo wetu Simoni hakuanguka na pikipiki, dada. Alikuwa anatafuta ng'ombe waliopotea kule Kisarawe, askari wakamwita mwizi, wakampiga. Jicho la kushoto halioni tena. Walimwambia akisema ameanguka, watamwachia. Akasema.

Sasa Simoni ananisihi ninyamaze. Sinyamazi. Watu wanalipia kiingilio wacheke kipigo chake, na waliompiga wanaamkiwa barabarani. Kesho nakwenda kwa wakubwa wao kushtaki. Ukisikia na mimi nimekamatwa, mwambie mama sikuiba kitu.

Mdogo wako,
Sostenes