Mistari Mitatu Niliyoiacha Wazi

Jumatatu, 3 Februari
Mvua alfajiri, jua saa nne. Tumeanika. Usipa wote, dagaa wetu wa ziwani, uko juu ya vichanja, hakuna hata mmoja uliogusa mchanga. Mnunuzi kutoka Mbinga alitafuna mmoja mkavu, akasikilizia mchanga kwenye meno. Hakuna. Akacheka. Mimi nilijificha nyuma ya Mama Agnesi, kama kawaida yangu. Kikundi chetu cha kuanika usipa nilikianzisha mimi nilipotoka shule. Wananiita katibu. Lakini nikiulizwa jambo mbele ya watu natazama miguu.

Alhamisi, 6 Februari
Mwanamume mwenye buti amepigilia vigingi vyekundu katikati ya vichanja vyetu. Anasema ni kiwanja cha hoteli, kijiji kimeridhia.
"Kijiji gani hicho, baba?" Mama Agnesi aliuliza. "Au sisi ni mbuzi?"
Mwenye buti akatoa nakala ya muhtasari wa kikao. Majina yetu. Mwandiko wangu.
Mwezi uliopita mjomba, mwenyekiti wa kijiji, alituita tujiandikishe kuomba maturubai ya kufunikia usipa. Alinipa karatasi mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Acha mistari mitatu juu, mpwa wangu, kichwa nitaandika mwenyewe. Nikaacha. Bibi hajui kuandika. Nilimshika mkono, nikabonyeza dole gumba lake kwenye wino. Sasa juu ya dole hilo imeandikwa kwamba tumekubali kutoa ufukwe.
Mama Agnesi ameizuia nakala. Kaikunja, kaitia kifuani.

Ijumaa, 7 Februari
Wenzangu kwenye kikundi hawaniamini.
"Katibu, mjomba kakuahidi nini? Upokee wageni hotelini?"
Wakacheka. Kwa hasira nikamwaga beseni zima la usipa. Namchukia mjomba. Najichukia zaidi. Miaka yote shuleni nilisifiwa kwa utii. Utii!

Jumapili, 9 Februari
Nilimfuata mjomba baada ya ibada. Nikamwamkia shingo upande.
"Marahaba. Naona umeota pembe. Usipa si unaanikwa popote?"
Popote wapi? Kwingine ni mawe, na baada ya mawe ni mihogo ya watu.
Mama anasema nisimwaibishe kaka yake, ndiye aliyenilipia ada. Kweli alinilipia. Ndiyo maana alijua sitauliza.

Jumanne, 11 Februari
Mkutano mkuu wa kijiji. Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Niliposimama sauti haikutoka. Mtu akapiga kelele: "Bubu akae, tuna njaa!"
Nikamwomba Mama Agnesi ile nakala. Aliniangalia kwanza, kisha akanipa. Nikaanza kusoma majina, moja moja, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Hilo naliweza.
La kwanza lilikuwa lake. Nikauliza: ulikubali?
"Sikukubali!"
La pili. La tatu. Sauti yangu ikaanza kupanda yenyewe. Bibi alisimama na fimbo yake. "Dole ni langu. Maneno siyo yangu." Watu wakaangua kicheko. Mjomba alikuwa anatazama saa.
Kisha jina la mama.
Akainama. Nikangoja. Hakunyanyua kichwa. Nikasoma jina lililofuata.
Mtendaji wa kijiji ameandika majibu yote. Hakuna ujenzi mpaka ofisi ya ardhi ya wilaya ije. Wote walishangilia. Mimi sikushangilia. Nilikuwa na hasira na mama mpaka masikio yalikuwa ya moto.

Alhamisi, 13 Februari
Ziwa limetulia. Vigingi bado vipo. Wilaya haijafika. Mama Agnesi amefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, ameanika khanga zake.
Mama hajanisemesha tangu juzi. Saa tano alikuja ufukweni, akasimama upande wa pili wa kichanja changu, akaanza kugeuza usipa. Tuligeuza muda mrefu. Tulipofika mwisho alijifuta mikono, hakunitazama.
"Sikukubali," alisema. "Niandike."
Daftari lilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwandika.