Ndege Wako wa Kwihara Nimemwona

Baba Agnesi, mume wangu,

Huko uliko nisikie. Mimi kalamu siijui, anaandika binti yetu Agnesi, na nimemwambia asiache neno. Kakunja uso. Andika!

Ndege wako yupo. Nimemwona kwa macho yangu mawili, moja lina ukungu lakini linaona.

Unakumbuka ulivyorudi toka mbugani hapa Kwihara, nyuma ya majaruba ya mpunga, hata jembe umelisahau? "Mke wangu, kuna ndege ananifika kifuani, mdomo kama kiatu cha askari!" Nikakuuliza, "Pombe ya nani hiyo?" Nisamehe, wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Kisha Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akafungua kitabu chake barazani, akasema ndege huyo huku hayupo. Basi, ukaitwa Baba Kiatu mpaka unaingia kaburini.

Na siku ya msiba, wee! Mtani wako Mzaramo, yule fundi cherehani wa Kanyenye, kaja kajifunga kiatu mdomoni, anarukaruka mbele ya wafiwa: "Nimekuja kumzika rafiki yangu mwongo!" Watu hoi kwa kicheko. Mtani hakasirikiwi, ndiyo mila tangu babu zetu wabebe mizigo mpaka pwani kwao. Nikacheka nami, machozi yananitoka. Lakini moyoni nikasema: mlevi sawa, mvivu wa kupalilia sawa. Mwongo, hapana.

Nikawa naenda mbugani kila asubuhi, nasema nakata ukindu. Ukindu wenyewe mwaka huu mzuri, mkeka wa Agnesi nimeusuka wiki moja tu... haya, ndege. Nikaokota vichwa vya kamongo, samaki wa matopeni, vimekatwa, mwili hakuna. Fisi hali hivyo, fisi habakizi kichwa. Nikafuata vichwa mpaka kwenye matete marefu. Huyo hapo! Wa kijivu, kasimama kama kigogo, ananitazama kama mkwe aliyenyimwa heshima.

Nikatembea mpaka Kanyenye, nikamtoa fundi kwenye cherehani yake.

"Shemeji, umechanganyikiwa?"

"Kunja suruali, twende."

Njia nzima analalamika, ruba, matope. Ndege alipogonga mdomo, ta-ta-ta-ta, kanishika mkono kama mtoto.

Neno la mtani anayeweza kuliondoa ni mtani mwenyewe. Jumapili kawaita wote waliocheka, kapiga magoti kaburini kwako: "Mnyamwezi, mtumwa wangu, ulisema kweli. Mimi shahidi." Hakuna aliyecheka.

Sasa Bwana Shauri naye kasikia, katuma tarishi aulize mahali. Atakuja na bunduki, amuue, amjaze pamba tumboni awe pambo la nyumba yake. Nimemjibu tarishi miguu yangu mibovu, njia siikumbuki. Katuma tena, nimejibu vile vile. Atume mpaka tarishi aote mvi. Jina lako nimelisafisha kwa watu wetu, hao ndio nilikuwa nawataka.

Pumzika, baba. Huku nipo mimi.

Mkeo,
Mama Agnesi