Nyumba ya Harusi Yangu

Jumamosi, asubuhi. Mawingu yamekaa tangu alfajiri, mvua hainyeshi, jua halitoki, joto linanata mwilini. Niko kwa mjomba, huku nyuma ya Nyamisati, nimekaa mkekani na daftari. Kompyuta nitaikuta mjini. Kwa hiyo mkiyasoma haya hapa kwenye blogu, Jumatatu imeshapita na la kuwa limeshakuwa.

Nina kinyaa. Hasira naijua, ukinywa maji ukalala inapoa. Hiki kimenikaa kooni tangu Alhamisi ya wiki iliyopita.

Na anayenitia kinyaa zaidi ni mimi mwenyewe.

Kwa msionijua: mimi ni msaidizi wa utafiti katika chuo cha sanaa cha chuo kikuu kimoja kule Dar. Niko chini ya mhadhiri wa sanaa za maonyesho, mama mmoja msomi kwelikweli, sote tunamwita Dokta. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na mwenye kuutia saini ni yeye. Mjomba ni kaka wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea na kunisomesha. Jina lake siliandiki. Nimeshalitaja hadharani mara moja, na yaliyofuata yanatosha.

Alhamisi ile chuo chetu kilifanya sherehe ya kuwapongeza wahadhiri kwa tafiti zao na kazi zao za ubunifu. Loo! Mngeona suti. Mngesikia manukato. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa mambo ya misitu, alichelewa mpaka barafu ikayeyuka kwenye ndoo za soda, na alipoingia tukaambiwa tumpigie makofi ya kilo. Tukapiga. Mhadhiri mmoja alipewa cheti kwa picha ya Mmasai na ng'ombe anayoichora tangu mimi niko mwaka wa kwanza. Mwingine alipewa kwa kitabu cha mashairi kuhusu utandawazi ambacho hajakisoma mtu, na nina mashaka hata na mtunzi. Walipongezana, wakakumbatiana, wakaitana nguli. Wiki moja kabla walikuwa wanasengenyana kwenye korido hiyohiyo.

Jukwaani walikuwa wamejenga kibanda cha boriti za mikoko, mpya kabisa, zina magome bado, eti kuleta mandhari ya delta, huku kwetu mto unakomwagikia baharini. Nilimuuliza fundi kama zina kibali. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada yangu, hizi tumeziokota barabarani kama wengine wote." Na mheshimiwa wa misitu akakaa mbele yake, anakunywa soda.

Ikafika zamu ya Dokta. Tuzo kubwa ya siku, ya utafiti na ubunifu kwa pamoja, ilikuwa yake, kwa kazi tuliyoifanya huku mwaka jana. Wakazima taa waoneshe mkanda wa video.

Nieleze kazi yenyewe. Tangu biashara ifunguliwe na wafadhili waingie, kila mwenye karatasi na kalamu ana mradi delta. Dokta alikuja na mbinu yake: hatuwaulizi watu maswali, tunakaa nao, tunatengeneza nao mchezo wa kuigiza kuhusu maisha yao. Wazo zuri, sikatai. Shida ni kwamba siku tatu za kwanza hakuna aliyemwambia kitu. Walimwamkia, wakampa dafu, wakamuuliza habari za mjini, wakaenda zao shamba.

Aliyempeleka kwa mjomba ni mimi.

Mjomba ni mwigizaji wa kuzaliwa. Harusi ya huku bila yeye imepooza. Akiiga sauti ya mwenyekiti unageuka kutazama mwenyekiti kaingia saa ngapi. Siku ya pili tu ya mazoezi akaitoa siri ya nyumba yake yote nje, na sisi tukaanza kurekodi.

Iko hivi. Huku huruhusiwi kukata mikoko ya kuuza bila kibali, na kibali kina safari ndefu, wanaokipata ni wenye malori. Lakini mwanakijiji anayejenga nyumba ya kuishi anaandikiwa karatasi na mwenyekiti, anakata. Basi mjomba akawa mjenzi. Anasimamisha nguzo, anapiga boriti, anafunga fito. Bwana misitu anakuja, anakagua, anauliza nyumba ya nani. "Ya mpwa wangu, mwanangu huyu anaolewa." Bwana misitu anatoa hongera, anaombea ndoa iwe ya heri, anaondoka. Yakija maji ya bamvua, bahari imejaa sana, nyumba nzima inashushwa, inapakiwa kwenye chombo chake cha tanga, boriti zinakwenda kuuzwa. Mwaka unaofuata inasimama tena, kiwanja kilekile.

Mpwa ni mimi. Nimekuwa bibi harusi tangu darasa la sita. Nyumba ile ndiyo iliyoninunulia sare, tranka la bweni na nauli ya kwenda sekondari. Kijiji kizima kinajua, na mpaka leo nikishuka kwenye gari wananitania, "Zuhura, bwana harusi hajafika tu?"

Sasa nikiri jingine. Kwenye mchezo kuna mahali mjomba anamlilia bwana misitu kwamba posa imevunjika, bwana harusi katoroka na mtumbwi. Kuna mahali anamwomba bwana misitu amtafutie mchumba mwingine. Hayo sikuyasikia kwa mtu. Niliyatunga mimi, nikampa mjomba ayaseme, kwa kuwa nilitaka mchezo uchekeshe. Nusu ya maneno ya mchezo ule ni yangu na Dokta anajua, alikuwepo nikiandika. Lakini kwenye ripoti tuliandika kwamba yote yametoka vinywani mwa wanakijiji na hakuna neno lililotungwa. Wafadhili wanapenda hivyo. Sentensi hiyo niliichapa kwa vidole vyangu hivi.

Basi mjomba akatokea ukutani, mkubwa kama nyumba, na msuli wake wa kila siku kiunoni. Alipojipangusa machozi kwa ncha ya msuli huku jicho moja linamchungulia bwana misitu, ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Watu waligonga meza. Mheshimiwa alitoa leso. Na mimi nilicheka, jamani, nilijaa fahari mpaka nywele zikanisimama. Hakuna mhadhiri hata mmoja mle ndani anayeweza kufanya lile jicho.

Taa zilipowaka mheshimiwa akauliza, bado anacheka, kama yule mzee ni mwigizaji wa chuo. Dokta akasema hapana mheshimiwa, ni mkulima halisi na yale ni maisha yake halisi. Akataja jina. Akalikosea. Akataja na kijiji, akakikosea pia, akasema kimoja cha ng'ambo ya mto.

Kosa lile lilikuwa rehema ya Mungu, na mimi nikasimama kulisahihisha.

Nyie mnatujua sisi watu wa huku tulivyo. Jina la mzee wako likikosewa mbele za watu hukai kimya, hata kama ni msibani. Nikasema samahani mheshimiwa. Nikataja jina lake, la baba yake, la babu yake, kijiji, kitongoji. Nilitaka ukumbi ule umjue. Kijana aliyekaa nyuma ya mheshimiwa akafungua kitabu chake akawa anaandika, na alipokwama kwenye jina la babu nikamrudia taratibu.

Kisha nikaitwa mbele, nikapewa cheti cha kushiriki, nikapigwa picha. Nikala sambusa tatu.

Jumatano simu ikaita. Mke wa mjomba. Barua imefika: Jumatatu mjomba aende ofisi ya misitu, na awe tayari kuonesha nyumba aliyojengea boriti alizokata. Nyumba gani? Kiwanja kina mihogo. Akishindwa kuionesha, atashtakiwa na chombo chake kitachukuliwa. Mtu mwenye umri wake, magoti yamekwisha, bila chombo atakula nini?

Nikaenda kwa Dokta. Nilimkuta anapima ukuta atundike tuzo. Nikamwomba aandike barua, mistari miwili tu, kwamba ule ni mchezo na nusu ya maneno yake yalitungwa na sisi. Hakugeuka hata.

"Utafiti hauna mjomba, Zuhura."

Halafu akageuka, akanieleza kwa upole, na upole huo ndio ulionitia kichefuchefu. Akiandika barua hiyo atarudisha tuzo, wafadhili wataondoka, na mkataba wangu unaokwisha mwezi ujao hautakuwa na wa kuusaini. Je, ndivyo ninavyotaka?

Nikasema hapana. Nikamshukuru, nikafunga mlango polepole nisimsumbue.

Ptuu!

Jana nikapanda basi mpaka Kibiti, kutoka hapo nikadandia pikapu ya wanunuzi wa korosho mpaka hapa. Nilimkuta mjomba barazani anasuka kamba. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za masomo. Kwake mimi bado nasoma. Nikamweleza yote, hata sambusa sikuziacha. Alisikiliza bila kusimamisha mikono. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Walicheka?"

"Walicheka, mjomba."

"Pale pa msuli?"

"Hapo ndipo walipogonga meza."

Akatabasamu. Wallahi alitabasamu, mtu aliyeitiwa kesi, akaniuliza kama mheshimiwa naye alicheka au alijikaza. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini kwa kishindo.

"Wenzenu wanacheka, sisi tunaitwa," akasema, akaingia ndani. Chakula alinipa, samaki wa kupaka na wali, sehemu nzuri ya samaki kama zamani. Ila mpaka sasa hajanisemesha. Namwelewa.

Baadaye mjomba akanieleza mpango wake. Jumatatu ataenda peke yake. Atakiri, ataomba asamehewe kwa uzee wake, na wakitaka chombo watachukua. Mimi nisitie mguu pale. Nikienda wataniuliza mimi ni nani, mambo yatafika chuoni, nitaharibu kazi bure. "Nyamaza, mwanangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Usimjibu mtu, yatapita."

Niandike ukweli wa lililofuata, maana shajara ya uongo haina faida. Nilijisikia nafuu. Kifua kilifunguka. Nikawaza, basi nirudi Jumapili, Jumatatu niwe ofisini mapema, Dokta anikute kwenye meza yangu. Nilianza hata kuhesabu mabasi.

Nafuu! Mtu aliyejenga nyumba na kuibomoa miaka yote ile ili mimi nisome anasema atabeba peke yake, na mimi nahesabu mabasi. Nilikuwa namwona Dokta ana roho mbaya, na tuzo yake, na ukuta wake. Kumbe roho yangu na yake zimetoka duka moja. Yeye walau hakulelewa na mzee huyu.

Leo asubuhi nimeamka na kinyaa kilekile, ila safari hii kina kazi ya kufanya.

Jumatatu nitakwenda naye. Atakataa, nitakwenda hivyo hivyo, nitapanda gari lilelile. Nitaingia mimi kwanza kabla hajafungua mdomo kukiri. Nitasema mchezo ule nusu yake nimeutunga mimi, na ripoti iliyosema hakuna kilichotungwa ilidanganya, na niliichapa mimi. Sijui kama itamwokoa. Nyumba alijenga na alibomoa, hilo sitalikana wala sitalisema, wao ndio walithibitishe. Lakini walichonacho mkononi ni mkanda wa video, na mkanda wenyewe umejaa maneno yangu. Wakiniuliza mimi ni nani, nitawaambia mimi ndiye yule anayeolewa kila mwaka.

Ninaogopa. Korti na ofisi za watu haziniogopeshi sana. Ninamwogopa Dokta, lile jicho lake juu ya miwani, na mwezi ujao bila mshahara, na kuanza kutafuta kazi nikiwa na jina lililoharibika kwenye chuo kizima. Najijua. Mpaka kesho jioni nitakuwa nimeshapata sababu kumi za kubaki kimya, zote nzuri.

Ndiyo maana nimeuacha mkeka nikaja huku nyuma ya msikiti, karibu na shimo la taka. Kijiji kizima, mtandao unashika hapa tu. Nimemwandikia Dokta ujumbe: nitakachokisema Jumatatu, neno kwa neno, na jina langu chini. Niliuandika mara nne. Mara mbili niliweka "samahani" mwanzoni, mara mbili nikaifuta. Nikabonyeza.

Umekwenda. Sasa hata nikitaka kuwa mwoga nimechelewa.

Nimekaa juu ya jiwe naandika haya, daftari gotini. Simu inaita. Ni yeye. Imekata, inaita tena.

Naiacha iite.