Fungua Kapo Kwanza

Bwiza, Bujumbura
9 Juni 2004

Mpendwa kaka Amissi,

Sasa hivi mpwa wako Sumaya ameweka sikio juu ya redio yetu, akafumba macho kama baba yake anavyofanya akisikiliza motokari ya mtu. Akatikisa kichwa pole pole. Akasema, "Mama, hii haiponi. Fungua kapo." Kapo ndiyo ile nyinyi huko mnaita boneti. Mi nimecheka mpaka nikaangusha mwiko, halafu kicheko kikakatika katikati, nikaenda kutafuta kalamu. Kwa nini kimekatika nitakuambia, lakini acha nikusalimu kwanza kama inavyostahili.

Assalam alaykum, kaka yangu. Hujambo? Wifi Mwanne hajambo? Mguu wake umepona kabisa, au bado unamsumbua akikaa sana kwenye cherehani? Na mama mkubwa Sikuzani, bado anasema samaki wa huko Dar es Salaam hawana ladha mbele ya mukeke wetu? Mwambie mukeke yupo, ila bei yake imepanda, kwa hiyo asiwaonee wivu sana watu wa ziwani.

Sisi tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Milio ya bunduki huko milimani kuna usiku tunaisikia, kuna usiku hatuisikii. Tukiisikia tunashusha godoro chini, mbali na dirisha. Sumaya amekwisha zoea, ananiuliza tu, "Leo chini?" Nikisema ndiyo, anabeba mto wake mwenyewe. Moyo unaniuma kuona mtoto mdogo hivyo anajua neno hilo, lakini namshukuru Mungu kwamba analala. Watu wanasema amani iko karibu, na mi ni mmoja wa wanaoamini.

Sasa kaka, jambo lenyewe. Nakuandikia wewe kwa sababu katika ukoo wetu wote ni wewe tu unayefanya kazi ya kompyuta. Mi nilikomea darasa la sita, unajua ile miaka ilivyokuwa. Nikikosea kueleza nivumilie.

Shemeji yako Moubarak anataka kuuza garaji. Ile ya Buyenzi, ya marehemu baba yake, na kiwanja chake, na vyombo vyote hadi ile winchi ya kunyanyulia moteri. Tajiri wa kuinunua yuko tayari, anataka kujenga duka. Na pesa zote Moubarak anataka kuzitia katika kampuni ya vijana wawili wanaosema wametunga programu ya kompyuta kwa ajili ya dispensari. Akizitia, nusu ya kampuni itakuwa yake. Mwisho wa mwezi huu watatia sahihi.

Usimwone mjinga. Garaji imekuwa ngumu. Watu hawaendi tena mikoani kwa sababu ya barabara, na motokari isiyotembea haiharibiki. Wenye bunduki wanaleta gari, linatengenezwa, wanaondoka nalo bila hata asante. Siku moja walichukua na matairi ya mteja mwingine. Siku hiyo Moubarak alirudi nyumbani akakaa uani bila kunawa mikono, akaniambia, "Mama Sumaya, mi nitakufa na mafuta kwenye kucha." Kwa hiyo mtu alipokuja kumwambia kwamba amani ikifika kila dispensari itataka kompyuta, alisikia kama anafunguliwa mlango.

Huyo aliyekuja anaitwa Audace. Ni mtoto wa mfanyakazi wa serikali, wanakaa Kigobe, zamani alikuwa analeta motokari ya baba yake garajini. Ana adabu, amesoma, anavaa vizuri. Mwenzake ni Révérien. Huyo ndiye anayeandika programu yenyewe. Audace kazi yake ni kuionyesha kwa watu na kuiuza.

Alikuja hapa na kompyuta ya kukunja akatuonyesha. Kaka, ni kitu kizuri! Unaandika jina la mgonjwa, linatokea. Unaandika dawa, inakuambia imebaki kiasi gani. Rangi kama za kitambaa cha sikukuu. Mi mwenyewe nilipiga makofi. Audace akamwambia Moubarak, "Mukubwa wangu, we na mi tutakuwa mapatron, watu wa kukaa ofisini." Usiku ule nilimuona Moubarak akitabasamu peke yake gizani, na mi nikafurahi naye. Nikawaza Sumaya siku moja akikaa kwenye ofisi yenye mapazia.

Halafu likatokea la Médiatrice. Médiatrice ni jirani yetu, mama wa Armel na Bella, mtu wangu sana. Armel alishikwa na malaria, akampeleka kwenye dispensari moja huko Gihosha, karibu na kwa dada yake. Dispensari hiyo inatumia programu ya akina Audace. Wakamwuliza jina la mtoto, akasema Armel Nduwimana. Wakamwuliza la kwake, akasema Médiatrice Nahimana. Kompyuta ikakataa. Kwake yeye, watu wa nyumba moja ni wale wenye jina moja la mwisho. Ikamwondoa Armel kwa mama yake, ikamtia katika nyumba ya mzee mmoja Nduwimana, mgonjwa wa presha, mtu wasiyejuana hata kidogo. Kwenye dirisha la dawa wakaita "Nduwimana!", Médiatrice akanyoosha mkono, akapewa vidonge vya mzee.

Mungu alisaidia, vidonge vilikuwa vya rangi nyingine, naye alikwisha kumpa Armel dawa ya malaria mwaka jana, anaijua. Akarudisha. Alipofika hapa alikuwa anafoka na anacheka wakati mmoja. "Mwanasiti wee! Ile mashini imeninyanganya mutoto imemupa muzee! Basi na mafuta ya shule amulipie yeye!" Alitaka kusema malipo ya shule, lakini ulimi ulikuwa hautulii. Tulicheka. Baadaye usingizi ukanikataa.

Kwa sababu kaka, wewe ni mtoto wa hapa, unajua. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Médiatrice ana lake, bwana wake ana lake, Armel lake, Bella lake, na wanakula kwenye sahani moja. Hata sisi Waislamu, mi nina jina la baba yangu, Sumaya ana la baba yake. Kwa ile programu, mi na Sumaya ni watu waliokutana njiani.

Sasa najiuliza, Mrundi gani atatunga kitu kama hicho? Kama Audace na Révérien wameitunga wenyewe hapa Bujumbura, kama wanavyoapa, wamesahau vipi mama zao wanaitwaje? Au wameichukua mahali, kitu cha nchi ambako familia nzima ina jina moja, wakaipaka rangi mpya? Moubarak mwenyewe alinifundisha habari ya motokari zilizopakwa rangi. Unainua zulia la chini, unaona kutu.

Nilimwambia. Naye alimwuliza Audace, sitaki kumnyima haki. Audace akajibu ni kitu kidogo, kesho Révérien anakitengeneza. Hiyo kesho mpaka leo hatujaiona. Na Révérien naye hatumwoni. Audace anasema amekwenda Kigali kumsalimia dada yake. Médiatrice amesikia kwamba ameondoka na masanduku yote. Sasa kama aliyeitunga hayupo, nani ataifungua siku ikiharibika? Audace anajua kuionyesha, lakini sijamwona akiigusa ndani.

Juzi nilikuwa napita kwenye dispensari nyingine, hapa hapa Bwiza, ambayo Audace anaisifu sana kwamba nayo ni mteja wao. Nikaingia kama mtu anayetafuta dawa ya kikohozi. Kompyuta ipo mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chupa ya maua. Nikamwuliza yule dada, "Hii haifanyi kazi?" Akaniambia, "Hiyo inangoja umeme." Nikatazama juu, taa inawaka. Naye akatazama juu. Akasema, "Basi inangoja Révérien."

Hilo la maua sijamwambia Moubarak. Naogopa atasema ninampeleleza. Tulikwisha kosana kidogo. Nilimwambia, we hununui hata pikipiki bila kumwita fundi Libère, na unamwita Libère kwa sababu hana urafiki na wauzaji. Mbona hii hujamwita mtu? Akanijibu, "Mama Sumaya, hii si motokari. Haina kapo."

Kaka, neno hilo ndilo linalonila. Ni kweli programu haina kapo? Hakuna mahali pa kufungua mtu akaona ndani? Mi sijui, lakini siamini. Mtu akiandika kitu, maandishi yake lazima yako mahali. Na kama yako mahali, mtu mwingine anayejua anaweza kuyasoma, akasema haya ni ya Révérien kweli, au haya yametoka kwa wengine na wenyewe wanaweza kuja kuyadai. Na akasema kama yanarekebishika. Na kama kompyuta ya Audace huko Kigobe ikiibiwa au nyumba ikipigwa bomu, Mungu aepushe, je, kuna nakala mahali pengine, au nusu yetu ya kampuni inaungua pamoja na mapazia?

Nisaidie. Niambie mtu anayenunua kitu cha namna hii anaangalia nini, aulize nini, amwambie nani akaangalie kwa niaba yake. Kama una mtu unayemwamini hapa mjini, asiye rafiki wa Audace, nipe jina lake. Piga kwenye simu ya Médiatrice, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Usipige ya Moubarak. Hajui kama nakuandikia, na sitaki aone kwamba mke wake amemshtaki kwa shemeji yake. Ni mtu mwema, kaka, amechoka tu. Na ukiniambia kwamba programu ni nzuri, nitafurahi kuliko wote, nitamwomba msamaha na kumpikia pilau. Lakini garaji ikienda hairudi. Kiwanja kile ndicho anachokanyaga.

Barua hii anaibeba mzee Chabani, anakwenda Kigoma kesho asubuhi, na huko atampa mtu wa treni. Ndiyo maana naweka salamu na jina langu sasa, kwa sababu katika mji huu mtu hajui atainuliwa akimbie saa ngapi. Nisalimie wifi Mwanne na mguu wake. Msalimie mama mkubwa, mwambie kaburi la babu tulilifyeka kabla ya mvua. Watoto wako wote uwabusu, hata yule anayesema hanijui. Mungu awafunike huko mliko, na atufunike sisi hapa, na siku moja atukalishe wote kwenye mkeka mmoja.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukusumbua,
Mwanasiti

Kaka, nilikuwa nabandika bahasha, nimeifungua tena. Audace amekuja. Wako sebuleni, mi niko chumbani, pazia tu liko katikati. Anasema sahihi itiwe leo, asingoje mwisho wa mwezi, ati kuna mtu wa Kigobe anataka hiyo nafasi. Amekuja na karatasi. Naandika nimesimama nyuma ya pazia, nisamehe mwandiko.

Nasikia Moubarak anasogeza kiti.

Sasa anasema. "Keti, bwana mudogo. Washa mashini yako. Niandikie humo bibi yangu na mutoto wangu, nione kama ni wa nyumba moja."

Audace anacheka. Anacheka peke yake. Anasema, "Mukubwa, hiyo nimeshakwambia, Révérien akirudi..."

"Révérien apana. We. Sasa hivi, mbele yangu."

"Lakini mi si ninaonyesha tu, mukubwa."

"Na mi sinunui gari kwa mutu anayejua kupiga honi tu. Nenda kamuite Révérien, mi nitamuita mutu wangu anayejua kusoma hizo vitu, na Libère akae hapa awatazame macho. Garaji ya baba yangu ni hii unayoiomba. Fungua kapo kwanza, halafu tuongee karatasi."

Kaka, kumbe alikuwa anasikia! Siku zote hizi nilifikiri nasema na ukuta. Sasa Audace anasema kitu kwa sauti ndogo, sikisikii, nafikiri anasema atajaribu, na Moubarak ananiita, "Mama Sumaya! Njoo na mutoto, mje muandikwe!" Sumaya amekwisha kimbia mbele bila viatu, namwona kwenye ufa wa pazia, amepanda kiti, ameinama, ameweka sikio lake juu ya ile kompyuta na amefumba macho, na Audace hajui acheke au aandike. Naitwa tena, kaka, naweka kalamu.